Mwaka Niliomtafsiria Dada

Dada yangu Saumu alistaafu Ijumaa. Jumamosi asubuhi, mtu aliyepewa keki na maua na kuambiwa akapumzike, nilimkuta amekaa sakafuni jikoni kwake Garland, miguu kainyoosha, kibao cha chapati katikati, anasukuma chapati za watu arobaini. Nilikuwa nimeendesha gari saa nne kutoka Houston, mgongo unaniuma, na maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea pale mlangoni. "Shikamoo dada," nikasema. "Marahaba. Vua viatu uje ukate madonge, usinisimamie kama mgeni rasmi." Ndivyo alivyo. Pembeni yake alikaa binti yake Zainabu, mwanamke wa miaka ishirini na minane sasa, amevaa vile vizuia kelele vyake vikubwa masikioni, sinia la madonge ya unga mapajani. Alikuwa anachukua donge moja, analishika mbele ya mama yake, anangoja. Dada anainua macho, wanatazamana, donge linapokelewa, chapati inasukumwa. Halafu jingine. Asiyejua angeona mama na binti wanapika, basi. Mimi nilisimama na soksi zangu nikaanza kutokwa na machozi kama mjinga, maana najua mchezo ule ulianzia wapi, na najua jambo moja ambalo kwa miaka ishirini na sita nilikuwa sijawahi kumwambia dada. Hilo ndilo lililonitoa Houston. Keki ningeweza kutumiwa picha.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo, nalala kwenye kochi la dada huko Vickery Meadow, Dallas. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya pili, zulia la rangi ya chai ya maziwa, na madoa ya chai ya maziwa vilevile. Ukuta wa kulia ulituletea redio ya Kihispania, wa kushoto mapambio ya Wakongo. Ukikaa kimya unapata habari za mtaa mzima bila kuvaa viatu. Shemeji yangu Bakari alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja Garland, anaondoka alfajiri na sandwichi ya mayai. Dada alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya kulea wazee, anatoka saa sita mchana na kurudi saa mbili usiku. Mimi nasoma asubuhi, nikirudi namshika mtoto. Tulikuwa tunapokezana Zainabu pale mlangoni kama watu wanaopokezana ufunguo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, nywele laini, mashavu ya kung'atwa, na mimi, jamani, nilikuwa namsifia mtoto yule mpaka aibu.

Nilimsifia adabu. Huko tulikotoka mtoto akimkodolea macho mtu mzima anaulizwa, "Unaniangalia nini, nimeota pembe?" Zainabu hakumkodolea mtu. Mgeni akila, hanyooshi mkono kwenye sahani ya mgeni. Watu wakiongea, hadakii. Hamng'ang'anii mama yake nguo. Anaweza kukaa saa nzima na kifuniko cha sufuria akikizungusha sakafuni jikoni, kikilala anakiinua, anakizungusha tena. Au anachukua kokwa za tende tulizobakiza Ramadhani anazipanga kando ya zulia, moja baada ya moja, mstari umenyooka kuliko wa fundi. Ukiisogeza kokwa moja, hapo utajuta: atapiga kelele hadi Wakongo wanyamaze kuimba. Nikasema huyu injinia. Wageni wa Idi wakasema, "Mashallah, huyu kalelewa," nami nikavimba kichwa utadhani nimemzaa mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona mtoto wa karibu miaka miwili hana hata neno moja.

Dada ndiye aliyekuwa anajua. Ninajua alijua kwa sababu ya jinsi alivyokuwa anarudi kazini. Anafungua mlango, anasimama hapo hapo na mkoba begani, anaita, "Zainabu! Mama karudi! Zainabuuu!" Kifuniko kinazunguka. Anaita mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Halafu anainama kuvua viatu, na viatu vile havikuwa na hata kamba, lakini alikuwa anachukua muda mrefu sana kuvivua. Akiinuka uso umeshatengenezwa. "Kala?" ananiuliza. "Kala," namjibu. Basi tunaendelea na wali wetu.

Siku moja kwenye chumba cha kufulia nguo, jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mama mkarimu asiyejua kuzungukazunguka, aliniambia, "Dada, uyu mutoto anasikia muzuri. Nimefungua bisikuti, akageuka mbio. Lakini sisi watu, anatupita tu, kama vile hatuko." Nilikasirika. Nilimjibu kwamba kwetu watoto hawafundishwi kukodoa macho, nikabeba kapu langu la nguo mbichi nikaondoka, nikaenda kuzianika kwenye viti vya nyumbani ili nisimpe nafasi ya kuongeza neno. Lakini chumba kile kile ndicho kilichokuwa kimenitia hofu wiki moja kabla. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa akisimulia kwamba Marekani mtoto akionekana hajakua sawasawa, serikali inasema wazazi hawafai, inakuja kumchukua. Jina hakutaja, mahali hakutaja, na mimi sikuuliza. Uvumi una miguu mirefu, na miaka ile sisi wageni tulikuwa tunauamini kuliko barua zilizokuja na mhuri.

Ndipo akaja Bi Carol. Dada alikuwa amempeleka Zainabu kuchanjwa, na muuguzi akamwangalia mtoto, akaandika kitu, akasema atatuma mtu nyumbani. Alikuja Alhamisi, siku ya mapumziko ya dada, mama wa Kitexas wa miaka kama sitini, raba nyeupe miguuni, begi kubwa, sauti inayotokea puani. Tulimkaribisha chai na kaimati. Dada alikaa kwenye ncha ya kochi na mtandio wake mzuri, akanishika goti, akasema, "Mwajuma, wewe ndiye msomi. Mimi Kiingereza cha huyu kinanipita. Nitafsirie, mwambie kila kitu." Hayo ndiyo maneno aliyonipa, kila kitu.

Bi Carol akatoa fomu. Je, ukimwita anakutazama usoni? Dada akasema, "Mwambie hapana. Namwita hata mara kumi. Namshika kidevu, macho yanakwenda ukutani." Nikamgeukia Bi Carol nikasema kwa Kiingereza changu cha chuo: ndiyo, anatazama. Je, anakuonyesha vitu kwa kidole? "Hajawahi," akasema dada. Nikasema: kwetu kunyoosha kidole si adabu, lakini ndiyo, anaonyesha. Je, unapoondoka analia, na ukirudi anakukimbilia? Hapo dada aliuvuta mtandio wake mbele kidogo. Kisha akasema, "Mwambie halii. Mwambie nikirudi ni kama sikuondoka. Mwambie... mwambie sijui kama mwanangu ananijua." Nikasema: ni mtoto mtulivu, na mama yake akirudi anafurahi sana. Bi Carol aliandika. Kisha akamtazama Zainabu aliyekuwa anapanga kokwa, akanitazama mimi, akanitazama tena kwa muda. Akaacha kadi yake mezani, karibu na kaimati. "Kama kuna kitu kitabadilika," akasema, "nipigieni. Wakati wowote." Akaondoka na fomu yangu ya uongo begini.

Nimejitetea kwenye moyo wangu kwa miaka mingi. Nilikuwa naogopa wasimchukue mtoto. Nilifundishwa kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Yote kweli. Lakini ukweli mwingine, ambao nimeukubali nywele zilipoanza kuwa nyeupe, ni kwamba niliona haya. Sikutaka mama yule wa Kitexas atuandike kwenye karatasi kwamba nyumba yetu ina kasoro. Nikalinda sura ya nyumba, mtoto nikamwacha peke yake ndani. Dada hakuniuliza kitu jioni ile. Alisema tu, "Ahsante, mdogo wangu," akakusanya vikombe.

Ikapita miezi minne. Watu wakaanza kusema. Wa simu, wa msikitini, wa kuja kula, wote dawa yao moja: "Mtoto kanyamazishwa na Marekani. Amefungiwa ndani na televisheni. Mpelekeni Tanga, akichanganyika na wenzake ataongea mpaka mtamkataza." Mama yetu naye, tukimpigia kwa zile kadi za kukwangua, alikuwa anasema, "Mleteni, nitamlea mimi, mbona nyie niliwalea?" Shemeji akasema hata yeye anaona hivyo, wote tunashinda kazini, mtoto anapata nini hapa? Akapatikana mama mmoja tuliyemfahamu anayesafiri mwezi wa nane, akakubali kumchukua. Tiketi ikakatwa. Sanduku jekundu likawekwa wazi sebuleni chini ya dirisha, na kila siku kabla ya kazi dada alikuwa anakunja kigauni kimoja anakiweka. Kimoja tu. Kama angetaka angemaliza kwa nusu saa.

Asubuhi moja shemeji hakwenda kazini kwa sababu ya mgongo, nami nilikuwa jikoni nachemsha maziwa, mlango wa chumbani haukufungwa vizuri. Nikamsikia akisema, "Saumu, kama hutaki aende, sema." Dada akajibu, na wala hakuwa analia, ndiyo maana iliniuma zaidi: "Kutaka nataka akae. Lakini nimbakize kwa ajili ya nani? Mtoto anayemjua mama yake, akitenganishwa naye humlilia. Zainabu hatajua kama nimebaki. Labda mama atamjua. Mimi kanikataa." Maziwa yalifurika jiko zima. Sikuyafuta. Nilikuwa nakumbuka swali la tatu, na jibu nililolitoa kwa niaba ya mwanamke yule. Mficha maradhi, wazee walisema, kilio humuumbua. Na kilio kilikuwa kinakuja ndani ya sanduku jekundu.

Nilingoja dada aende kazini. Kadi ilikuwa bado kwenye droo ya vijiko. Nikapiga simu, nikasema jina langu, nikasema, "Siku ile nilitafsiri uongo. Dada yangu alisema hapana kwa kila swali." Sikumngoja ajibu. Nikasema, "Tafadhali msimchukue mtoto." Bi Carol akashusha pumzi. "Mpenzi," akasema, "hakuna anayemchukua mtoto. Kazi yangu ni kumsaidia abaki na mama yake." Nikauliza je, atamwambia dada nilichofanya? Akasema, "Hiyo ni ya kwako kusema, siku ukiwa tayari." Mungu amrehemu mama yule popote alipo. Hakunichongea hata mara moja.

Alhamisi iliyofuata alikuja na begi la vitu vya kuchezea: wanasesere, vikombe vya kupanga kimoja juu ya kingine, sabuni ya kupuliza mapovu. Akamwomba dada akae chini kwenye zulia acheze na mtoto, yeye awaangalie. "Nicheze?" dada akaniuliza kwa Kiswahili, macho yamemtoka. "Mimi? Na huyu mama ananitazama?" Kwetu watoto hucheza na watoto, mtu mzima akishika mwanasesere watu wataulizana kama yuko salama. Lakini alikaa, maskini, na mtandio wake, akashika mwanasesere kama mtu aliyeshikizwa mtoto wa jirani, akasema, "Haya... Zainabu... tazama bebi." Zainabu alipita akaenda kwenye kokwa zake. Dada akabaki na mwanasesere wake. Dakika kumi ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Mwisho akainuka akasema, "Mwambie samahani, nina unga nimeukanda utaharibika," akakimbilia jikoni.

Sasa, dada yangu hajawahi kusukuma chapati amesimama. Meza za jikoni za Marekani anasema ni za kupikia majitu. Alikuwa anatandika mkeka sakafuni, anakaa, kibao katikati ya miguu, jiko dogo la umeme pembeni, sinia la madonge upande wa pili. Na alipokaa tu, Zainabu aliacha kokwa, akaja, akakaa mbele yake. Akachukua donge, akaliweka kwenye kiganja cha mama. Dada akasukuma. Donge la pili, kiganjani. Hakumtazama, alikuwa anautazama mkono tu, lakini alikuwa pale. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara mia nikaliita usumbufu. Bi Carol alisimama mlangoni na begi lake begani, akanishika mkono kwa nguvu. "Anafanya hivi siku zote?" Nikasema, kila akipika chapati. Akacheka peke yake, akatikisa kichwa. "Nimebeba begi zima kuja kumfundisha mama kukaa chini na mtoto uso kwa uso," akasema. "Kumbe mkeka upo hapa."

Akavua raba, akaja akachuchumaa. Somo lake lilikuwa fupi: usipokee haraka. Mtoto akileta donge, funga mkono, ngoja, mpaka akutazame. Akitazama hata nukta moja, pokea na umfurahie. Nilipomtafsiria, safari hii neno kwa neno, dada akasema, "Ningoje? Na mafuta yako motoni?" Nikatafsiri hilo nalo. "Chapati zitaungua," akakubali Bi Carol. "Nitakula mimi zilizoungua." Na alizila, wallahi, kila Alhamisi, nyeusi kama soli, na sukari juu. Alituambia pia tuache amri aliyotuwekea shemeji, ambayo tulikuwa tunaifuata nusunusu, ya kusema na mtoto Kiingereza tu nyumbani. "Mwambie dada yako aongee na mtoto kwa lugha anayogombezea," akasema. Dada alicheka kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu nifike Marekani, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikapata sauti. Alikuwa anamsimulia Zainabu kila kitu: hili donge kubwa kama kichwa cha baba yako, hili limechoka, hili la mamdogo mvivu.

Tiketi ilikuwa imebakiza wiki sita. Dada alimwambia shemeji, "Tiketi iacheni ilivyo. Nipeni chapati za wiki sita." Nadhani hakuna nyumba Dallas iliyokula chapati kama yetu msimu ule wa joto. Mama Furaha tulimpelekea rundo na samahani yangu juu yake. Alipokea vyote viwili. Wiki ya kwanza Zainabu alikuwa analazimisha donge kwenye ngumi iliyofungwa, halafu anapiga kelele. Ya pili alilitupa, likanasa kwenye mlango wa friji. Ya tatu dada alichoka, akaniambia, "Huyu mama wa raba kanifanya mwendawazimu," lakini akakanda tena. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya nne, asubuhi, hata Bi Carol hayupo. Zainabu kashika donge. Ngumi imefungwa. Mafuta yameanza kutoa moshi nami naelekea kuzima jiko, dada akanifanyia ishara nisisogee. Macho ya mtoto yalikuwa kwenye ngumi. Yakapanda kwenye kifundo, kwenye bangili, kwenye kiwiko, yakasimama begani kana kwamba hapo ndipo mwisho wa mtu. Halafu yakapanda usoni, yakakaa. Sijui kwa muda gani, hata pumzi mbili labda. Dada hakupiga kelele. Alifungua mkono, akasema polepole, "Haya, mama. Ahsante," akasukuma chapati ile huku mabega yanamtetemeka, ikatoka na pembe kama ramani ya Kongo. Hatukuila. Aliifunga kwenye karatasi akaiweka kwenye friza, na ilikaa humo mpaka tulipohama.

Macho yalirudi siku nyingine na siku nyingine hayakurudi. Sanduku lilikuwa bado wazi, limejaa sasa. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya safari, siku ya Ijumaa, dada akachukua mkoba wake kwenda kazini, akasema kama kila siku, "Zainabu, mama anakwenda, eh?" akafunga mlango. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Nikasikia pia kifuniko cha sufuria kikilala sakafuni, na hakikuinuliwa. Zainabu alikuja sebuleni. Akautazama mlango. Akaenda akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao, akafungua kinywa, akalia. Haikuwa kelele ya kokwa iliyosogezwa, ile tuliijua. Hiki kilikuwa kilio cha mtoto yeyote wa Tanga au wa Dallas ambaye mama yake kaondoka. Viatu vikapanda ngazi mbio. Dada akasukuma mlango kidogo, kichwa tu ndani. "Kaumia?" "Hajaumia." "Kaona nini sasa?" Nikasema, "Dada, anakulilia wewe."

Alikaa chini pale pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, mkoba mapajani. "Mimi?" akasema. "Ananililia mimi?" Nikataka kumbeba mtoto nimnyamazishe, dada akanishika gauni. "Mwache kidogo. Mwache nimsikie. Nimengoja sana." Sekunde tano hazikutimia, akamvuta kifuani, wakalia wote wawili, mmoja kwa uchungu mmoja kwa raha, na Mama Furaha akafungua mlango wake akauliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa!" dada akapiga ukelele. "Zainabu analia! Njoo umsikie!" Alichelewa kazini kwa mara ya kwanza. Jioni sanduku jekundu lilifungwa tupu. Shemeji aliporudi akaliona. Alikunja mikono ya shati akasema atamwambia yule mama wa safari asimngojee mtoto. Na Alhamisi Bi Carol alipouliza tena maswali yake yale matatu, kufika la tatu nilifungua mdomo kutafsiri, dada akanitangulia. "She cry," akamwambia. "I go, she cry." Nilidhani kajifunza maneno hayo juzi. Neno la kwanza la Zainabu lilikuja baridi ilipoanza, pale pale mkekani, sinia lilipokuwa limekwisha madonge: "Tena." Hajawahi kuwa msemaji sana. Siku hizi anapanga vitabu maktaba siku tatu kwa wiki, na rafu zake zimenyooka kama zile kokwa.

Basi hayo ndiyo niliyoyabeba kutoka Houston. Nilikaa chini jikoni pale Garland, nikashika kisu, nikakata madonge mawili, nikasema bila kuinua kichwa, "Dada, siku ya kwanza aliyokuja Bi Carol, sikutafsiri ulichosema. Nilimwambia ndiyo kwa kila kitu. Nilimpotezea Zainabu miezi minne." Kibao hakikusimama. Akasukuma, akageuza, akasukuma. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mwajuma, nilikuwa mwaka wa pili nafanya kazi na wazee wa Kitexas. Yes na no nilikuwa sizijui?" Akaipiga chapati kwenye kikaango. "Nilikusikia moja baada ya moja. Anatazama, anaonyesha, nikirudi anafurahi. Nikasema moyoni, mtoto huyo wa kwenye Kiingereza ni mzuri, acha nikae naye dakika kumi. Wewe ulidanganya kwa mdomo, mimi kwa kunyamaza. Tena mimi ndiye mama."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini, na wewe ndiye uliyepiga simu? Yule mama hakuwa wa kuja bila kuitwa. Kadi niliikuta imetoka kwenye droo, iko mezani na mafuta ya vidole vyako." Sauti ikamlegea kidogo, akaikaza. "Nilikuwa nangoja uniambie ya kwanza, nipate kukushukuru kwa ya pili. Umechelewa, shoga. Nusura nife na ahsante yangu."

Nililia hapo, kichwa nimeinamisha juu ya unga, sikuwa naona kitu. Nikahisi mkono umefika mbele ya uso wangu, na donge. Nikanyoosha mkono nilipokee. Mkono ukarudi nyuma. Nikanyoosha tena, ukarudi tena. Dada akaanza kucheka. "Hakupi hivyo," akasema. "Sheria unaijua." Nikafuta uso kwa kiwiko, nikainua macho. Zainabu alikuwa ananitazama, moja kwa moja, anangoja, hana haraka yoyote. Akaliweka donge kwenye kiganja changu, akageuka kwenye sinia, akachukua jingine.

"Tena," akasema.